Macho Hayana Pazia: Somo juu ya Picha Zinazotembea

Somo hili ni deni ninalolilipa. Muhula uliopita nilikuwa nikiwafundisha Kidato cha Pili habari za mwanga na jicho, na kwa kuwachangamsha nikawaeleza sababu ya picha za sinema kuonekana zinatembea. Nilisema kama nilivyofundishwa mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi: kwamba picha ikishaonekana hubaki jichoni kitambo kidogo, na kabla haijafutika huja ya pili, kisha ya tatu, zikaungana, nasi tukaona mwendo. Nikaandika ubaoni, wanafunzi wakanakili. Ndipo msichana mmoja aliyekaa karibu na dirisha akanyosha mkono, akauliza: "Mwalimu, kama picha ya kwanza ingali jichoni wakati ya pili inapofika, si zitarundikana? Mbona hatuoni mtu mwenye miguu ishirini?"

Darasa zima lilicheka. Nami, kwa aibu ya kukosa jibu, nikamwambia akae, asitupotezee wakati. Alikaa, na tangu siku ile hakuuliza tena swali lolote katika somo langu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Basi mjinga wa siku ile hakuwa yeye. Wakati wa likizo nilikata manila, nikatafuta kioo, nikasoma vitabu, nikafanya majaribio mezani kwangu. Nimeona kwamba swali lake lilikuwa na haki, na ubao wangu ulikuwa na kosa. Kosa nililifanya mbele ya darasa zima, kwa hiyo si halali kulisahihisha kwa siri. Nawaombeni wanafunzi, walimu wenzangu na wazazi, mfuatane nami hatua kwa hatua, na kila jaribio mlifanye kwa mikono yenu kabla hamjanisadiki.

JARIBIO LA KWANZA: NDEGE NA TUNDU LAKE

Kata duara la manila lenye upana wa mdomo wa kikombe cha chai. Upande mmoja chora ndege. Upande wa pili chora tundu lililo wazi, lakini lichore kichwa chini ukilinganisha na yule ndege. Toboa vishimo viwili, kimoja kulia na kimoja kushoto, utie nyuzi, kisha uzisokote nyuzi hizo kwa vidole ili duara ligeuke upesi upesi. Utamwona ndege yumo ndani ya tundu.

Mchezo huu ulikuwa ukiuzwa London miaka ya 1820, na daktari mmoja, John Ayrton Paris, ndiye aliyeutangaza sana. Hapa yale niliyofundisha ni kweli: alama ya ndege haijafutika jichoni wakati tundu linapokuja, kwa hiyo picha mbili huonekana kama moja. Lakini mtazame sana ndege huyo. Je, anaruka? Anapiga mbawa? La. Amekaa tu. Picha kubaki jichoni kumezichanganya picha mbili, lakini hakukuleta mwendo hata kidogo. Shikeni jambo hili, maana ndilo mlango wa somo letu.

JARIBIO LA PILI: KISAHANI NA KIOO

Mwaka 1832 mtaalamu mmoja wa Ubelgiji, Joseph Plateau, alitengeneza kisahani cha karatasi ambacho picha zake zilicheza. Wakati huo huo, bila wao kujuana, Simon Stampfer wa Vienna alitengeneza kingine cha namna ile ile. Plateau baadaye alipofuka macho yote mawili, lakini hakuacha utafiti wake juu ya kuona. Jamaa zake walimfanyia majaribio, wakamweleza waliyoyaona, naye akafikiri. Kisahani chake twaweza kukitengeneza hapa Mazimbu kwa gharama ya karatasi moja ya manila.

1. Chora duara lenye upana wa sentimeta 20, ulikate.

2. Kwa kipimapembe gawanya duara katika sehemu 12 zilizo sawa, kila moja nyuzi 30.

3. Katika kila mstari kata mwanya mwembamba kuanzia ukingoni kuelekea katikati, urefu sentimeta 2, upana milimeta 4. Usizidishe upana, maana picha zitafifia ukungu.

4. Chini ya kila mwanya chora picha moja. Mimi nilichora mwanamke atwangaye: katika picha ya kwanza mchi umo kinuni, katika ya pili umeinuka kidogo, ikifika ya saba uko juu kabisa, kisha unashuka hadi ya 12, ambayo iko karibu sawa na ya kwanza. Jihadhari picha zisitofautiane sana.

5. Upande usio na picha upake rangi nyeusi, au masizi ya sufuria.

6. Choma pini katikati ya duara, uikaze katika kipande cha mlingoti mkavu wa mkonge. Mlingoti huo ni laini ndani, pini huingia bila nyundo, na hapa kwetu haukosekani.

7. Simama mbele ya kioo, picha zikielekea kioo na upande mweusi ukielekea uso wako. Zungusha kisahani, utazame kioo kupitia mianya kwa jicho moja.

Nilipofanya hivyo, wanawake 12 walikuwa wakitwanga pamoja, wala sikuweza kujizuia kucheka peke yangu. Sasa fanyeni hili la pili, ambalo ndilo lililonisahihisha. Kisahani kikiwa kingali kinazunguka, inueni kichwa mtazame kioo kwa juu ya ukingo, si kupitia mianya. Hakuna mwanamke, hakuna mchi, hakuna kinu. Kuna ukungu wa kijivu tu.

Fikirini maana yake. Picha ni zile zile, kasi ni ile ile, jicho ni lile lile. Kama kubaki kwa picha jichoni kungekuwa ndiko kunakoleta mwendo, basi bila mianya tungeona mwendo vizuri zaidi, kwa sababu picha zinamiminika jichoni bila kizuizi. Lakini zinapomiminika hivyo hurundikana, kama yule msichana alivyosema. Huyo mtu mwenye miguu ishirini yupo. Ndiye huu ukungu wa kijivu. Kazi ya mwanya ni kulionyesha jicho picha moja kwa nukta fupi, kisha kulifunika, na wakati limefunikwa picha husogea, mpaka picha ya pili imefika mahali pale pale ilipokuwa ya kwanza. Wahenga wanasema macho hayana pazia. Basi ufundi wote wa sinema, tangu kisahani hiki, ni kuyatilia macho pazia lisilokuwapo.

JE, MWENDO HUTOKA WAPI?

Mwaka 1912 mtaalamu wa Ujerumani, Max Wertheimer, alitangaza majaribio yaliyolishughulikia swali hili. Aliwaonyesha watu mstari mmoja kwa nukta fupi, kisha mstari wa pili mahali pengine kidogo, kisha ule wa kwanza tena. Muda wa katikati ulipokuwa mrefu, kama moja ya tano ya sekunde, watu waliona mistari miwili, mmoja baada ya mwingine. Muda ulipokuwa mfupi sana, kama sehemu 30 za elfu za sekunde, waliona mistari yote miwili kwa pamoja. Lakini ulipokuwa kama sehemu 60 za elfu, waliona mstari mmoja tu, nao ulikuwa ukisogea kutoka hapa hadi pale.

Mstari uliosogea haukuwapo ukutani, wala haukuwapo katika jicho. Ulitengenezwa na ubongo. Ubongo hupokea habari mbili, "alikuwa hapa" na "sasa yuko pale", ukahukumu kwamba ni mtu mmoja aliyetembea. Hukumu hii tunaitumia kila siku. Simameni barabarani, mtazame mwendesha baiskeli akipita nyuma ya ua wa miti. Mnamwona vipande vipande, hapa bega, pale gurudumu. Hata hivyo hakuna anayesema ameona vipande 30 vya watu mbalimbali. Mwaka 1824 Mwingereza Peter Mark Roget aliandika juu ya spoki za gurudumu zionekanavyo kupitia ua wa namna hiyo, na vitabu vingi vimelitaja andiko lake kuwa ndilo asili ya maelezo niliyoyaandika ubaoni. Lakini yeye alikuwa akieleza kwa nini spoki zilizonyoka huonekana zimepinda. Mengine yaliongezwa na waliomfuata, mmoja akinakili kwa mwenzake, mpaka yakanifikia mimi.

Kwa hiyo futeni katika daftari zenu, muandike hivi: Picha kubaki jichoni husaidia tusione giza lililo kati ya picha na picha. Mwendo wenyewe ni kazi ya ubongo.

KUTOKA KISAHANI HADI SINEMA

Kisahani kina upungufu: kinatazamwa na mtu mmoja, na hadithi yake huisha baada ya mzunguko mmoja. Mwaka 1868 Mwingereza John Barnes Linnett alipata hati ya ugunduzi wa kijitabu ambacho kurasa zake hurushwa kwa kidole gumba, kila ukurasa una picha yake. Mwaka 1878 huko California, Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia ya farasi, nyuzi zikatandwa, na farasi alipokata kila uzi kamera moja ikapiga picha. Ndipo watu walipoona kwa hakika kwamba farasi akienda mbio kuna nukta ambayo miguu yote minne haigusi ardhi. Na nukta hiyo ni pale miguu imekunjwa chini ya tumbo, si pale imenyooshwa mbele na nyuma kama wachoraji walivyozoea kuichora. Jicho lilikuwa limetazama farasi kwa maelfu ya miaka bila kulijua jambo hilo.

Watu wengi hudhani kwamba sinema ya picha za kamera ndiyo iliyotangulia, kisha zikaja picha za kuchorwa. Sivyo. Tarehe 28 Oktoba 1892, mjini Paris, Émile Reynaud aliwaonyesha watu katika ukumbi picha alizozichora kwa mkono katika ukanda mrefu, akizitupa ukutani kwa taa na vioo. Aliupeleka ukanda mbele na nyuma kwa mikono yake, akaifanya hadithi fupi iendelee kwa dakika nyingi. Ndugu wawili Lumière walionyesha sinema yao ya kamera, mji ule ule, tarehe 28 Desemba 1895, yaani miaka mitatu baadaye. Baada ya hapo watu hawakutaka tena kazi ya Reynaud. Alikata tamaa, akazitupa kanda zake nyingi katika mto Seine. Alikufa mwaka 1918. Zimebaki chache tu.

Ndani ya mashine ya sinema pazia letu lipo, tena laonekana wazi. Ni kisahani cha chuma kinachozunguka mbele ya taa. Filamu huvutwa picha moja, ikasimama, mwanga ukapita, kisahani kikafunika, ikavutwa nyingine. Filamu zilipoanza kutoa sauti, kasi ikawekwa picha 24 kwa sekunde. Lakini mwanga ukiwaka na kuzimika mara 24 tu kwa sekunde jicho huona kumetameta, kwa hiyo kisahani hulifunika jicho mara mbili au tatu kwa kila picha, mwanga ukawaka mara 48 au 72. Mtu aliyekaa ukumbini kutazama filamu ya namna hiyo kwa saa mbili amekaa gizani karibu saa nzima, wala hajui.

SINEMA ILIPOFIKA KWETU

Sasa nageukia jambo linalotuhusu sisi wa Morogoro. Mwaka 1926 Mwingereza mmoja, L. A. Notcutt, alikuwa msimamizi wa mashamba ya mkonge Afrika Mashariki, akafikiri kwamba sinema shambani ingesaidia kuwatuliza vibarua. Kutokana na wazo hilo, pamoja na fedha za shirika la Carnegie la Marekani na usimamizi wa Baraza la Kimataifa la Wamisionari, kulianzishwa mwaka 1935 jaribio kubwa la sinema ya elimu kwa Waafrika. Makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara, na liliendelea mpaka mwaka 1937. Notcutt aliongoza utengenezaji, na G. C. Latham, aliyewahi kuwa mkuu wa elimu ya Waafrika katika Rhodesia ya Kaskazini, aliongoza mafundisho. Filamu zilikuwa nyembamba na hazikuwa na sauti. Maneno yalitiwa katika sahani za santuri, kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwa kimojawapo, na gari likazunguka nchi kwa nchi kuzionyesha usiku.

Katika miaka ile miwili zilitengenezwa filamu 35, na zilizosalia hadi leo ni chache mno. Moja ni ya safura. Nyingine, ya mwaka 1936, inahusu mashamba ya wakulima wadogo wa Kingolwira. Ndiyo, Kingolwira hii hii yetu, mnayoipita mkienda Dar es Salaam! Waluguru na majirani zao walikuwa mbele ya kamera miaka zaidi ya 80 iliyopita, na filamu hiyo imetunzwa Uingereza. Naomba kila mzazi aliye na mzee wa Kingolwira nyumbani amwulize kama aliwahi kusikia habari zake.

Lakini kulikuwa na jambo lingine lililoambatana na sinema hizo. Mabwana waliozitengeneza, na zaidi wale wa Idara ya Filamu za Makoloni iliyoundwa London mwaka 1939 chini ya William Sellers, waliamini kwamba Mwafrika asiyesoma hawezi kuzifuata picha kama mtu wa Ulaya. Walisema asionyeshwe picha zinazobadilika upesi, wala ufundi wowote wa kamera. Kila jambo lifanywe polepole na kwa urefu. Kama ushahidi ilisimuliwa hadithi ya mbu. Yasemekana watu wa afya walionyesha filamu ya malaria, mbu akaonekana ukutani mkubwa kuliko mtu, na ilipokwisha mzee mmoja akasimama akasema: "Kweli wenzetu wana taabu. Sisi huku mbu wetu ni wadogo."

Hadithi hii wanahistoria wameichunguza. Wameona inasimuliwa nchi nyingi za Afrika, karibu kwa maneno yale yale. Hapa ni mbu, pale ni nzi, kwingine ni chawa. Hadithi isiyo na mji wala tarehe, inayotokea kila mahali, yafaa kuitilia shaka. Na hata kama kuna mzee aliyesema hivyo, je, ni lazima awe hakuelewa? Sisi tunaoishi katika nchi ya utani twajua mzee akisema neno la namna hiyo, uso umekauka, huenda aliyekuwa akichekwa ni bwana mwenye mashine. Tena, katika miaka ile ile watu wa mijini walikuwa wakijaza sinema wenyewe. Unguja ilikuwa na jumba la Royal tangu mwaka 1921. Watazamaji wa pwani waliwafuata Charlie Chaplin na waimbaji wa Kihindi, na picha za upesi upesi, bila kuhitaji mtu wa kuwapunguzia mwendo.

Tumeona kwamba mwendo wa sinema hutengenezwa na ubongo wa binadamu. Ubongo huo hauna rangi. Yule mwenda kwa miguu wa Uluguru anayemtambua mbuzi wake akipita nyuma ya migomba, kipande hapa na kipande pale, anafanya kazi ile ile anayoifanya mtu aliyeketi sinemani Paris. Waliosema hawezi hawakumpima. Walisikia hadithi wakaipokea, kama mimi nilivyopokea maelezo ya mwalimu wangu. Na mahali tulipo pana ukumbusho. Mazimbu ilikuwa shamba la mkonge, kisha ikawa chuo cha wapigania uhuru wa Afrika Kusini, Chuo cha Solomon Mahlangu, tangu mwaka 1978 hadi mwaka 1992 kilipokabidhiwa kwa serikali ya Tanzania. Vijana wale walikimbia nchi iliyotunga, mwaka 1953, sheria ya elimu ya kumpa Mwafrika kiasi kidogo tu cha kumfaa kwa kutumikia. Walikuja hapa kusoma hesabu na sayansi pasipo mtu wa kuwaambia "kaeni". Nami katika udongo huu huu nilimwambia mtoto akae kwa sababu aliuliza.

NJIA ZA KUZIPA PICHA UHAI

Kazi hii ya kuzifanya picha au vitu visivyo na uhai vionekane vinatembea vitabu vya leo huiita uhuishaji. Njia zake ni nyingi, lakini shina lake ni moja: sogeza kidogo, piga picha, sogeza tena.

Ya kwanza ni kuchora kila picha upya. Mwaka 1908 Mfaransa Émile Cohl alitoa filamu ya katuni iliyokuwa na michoro kama 700. Kila mchoro aliupiga picha mara mbili, na kazi yote hiyo ilikwisha mbele ya watazamaji kwa chini ya dakika moja na nusu. Mwaka 1914 Mmarekani Winsor McCay alionyesha mnyama wa kale aitwaye Gertie, kwa michoro ya maelfu, kila karatasi ikiwa na milima na ziwa vilivyochorwa upya. Mwaka ule ule Earl Hurd alipata njia ya kupunguza taabu hiyo: milima ichorwe mara moja tu, na mnyama achorwe katika karatasi ya plastiki ipenyayo mwanga, iwekwe juu yake. Wachoraji wa katuni waliitumia njia hiyo hadi kompyuta zilipokuja.

Ya pili ni vikato. Lotte Reiniger, mwanamke Mjerumani, alikata watu kwa mkasi katika karatasi nyeusi ngumu, akawatia viungo kwa waya, akawalaza juu ya meza ya kioo yenye taa chini, na kamera ikatazama kutoka juu. Alifanya kazi tangu mwaka 1923 hadi 1926, akatoa filamu ndefu kupita saa moja juu ya Mwanamfalme Achmed, kutoka katika hadithi za Alfu Lela Ulela ambazo wasomaji wa Kiswahili wanazijua sana. Njia hii ndiyo nafuu kwa shule. Mimi nilimkata kobe mwenye viungo vitano, na ilinichukua jioni nzima kumvusha meza.

Ya tatu ni vinyago vya udongo, vya mbao, au vitu vyovyote. Ladislas Starewicz mwaka 1912 alitumia wadudu waliokaushwa, akawafunga miguu kwa waya, akawaigizisha kama watu.

Afrika haikubaki kutazama tu. Moustapha Alassane wa Niger alikuwa akitengeneza katuni katika miaka ya 1960. Ile ya mwaka 1966 ina vyura, na rais wao aliyekwenda ziara. Jean-Michel Kibushi wa Kongo alitoa mwaka 1991 hadithi ya chura aliyekwenda kwa wakwe zake, kutoka katika ngano za Watetela. Mwaka 2010 ilitoka Nairobi katuni ya Tinga Tinga Tales, iliyochorwa kwa mtindo ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972. Na tangu mwaka 2014 wadogo zenu wamejifunza hesabu kwa Kiswahili kutoka Ubongo Kids, iliyotengenezwa Dar es Salaam. Siku hizi picha husogezwa kwa kompyuta, lakini anayeisogeza kompyuta bado lazima ajue mchi huinuka vipi kinuni.

Anayetaka kuanza leo asingoje mashine. Chukua daftari kuukuu, chora pembeni mwa kila ukurasa mpira unaodunda, kurasa 30. Mpira ukiwa juu, picha zikaribiane, maana hapo huenda polepole. Ukikaribia chini ziachane, maana hapo huenda kasi. Kisha rusha kurasa kwa kidole gumba. Wazazi nao nawaomba, mkiona michoro pembeni mwa daftari lililokwisha, msikimbilie fimbo. Zirusheni kurasa kwanza, muone kama zinatembea.

MASWALI

1. Filamu huenda picha 24 kwa sekunde, na kila mchoro hupigwa picha mara mbili. Hadithi ya dakika 3 yahitaji michoro mingapi?

2. Kisahani kina mianya 12. Ukichora picha 11 badala ya 12, utaona nini? Kitengeneze kwanza, ndipo ujibu.

3. Katika sinema magurudumu ya gari wakati mwingine huonekana yanarudi nyuma, hali gari laenda mbele. Eleza sababu.

4. Mwulize mzee wa kijijini kwako habari za sinema ya kwanza aliyoiona: ilikuwa wapi, nani aliileta, na watu walisema nini. Andika maneno yake kama alivyoyatamka.

5. Swali hili si langu. Shule ilipofunguliwa nilimwita yule msichana, nikamwomba radhi mbele ya darasa lile lile, nikampa kisahani. Alikizungusha kwa muda mrefu, kisha akauliza: "Mwalimu, ikiwa ubongo hutengeneza mwendo kati ya picha ya kwanza na ya pili, unajuaje njia ya kupita kabla ya picha ya pili haijafika?" Safari hii hakuna aliyecheka. Lifikirini, nami nalifikiri. Majibu yaletwe chumba cha sanaa kabla ya mwisho wa muhula.